Ng'ombe wa Baba Katika Simu ya Mume Wangu

Mume wangu akiamka huangalia simu kabla hajaangalia kama mimi bado niko hai. Sitii chumvi. Mkono unatoka chini ya blanketi, unapapasa, unaipata, na kwa pumzi atakayoshusha nitajua siku hiyo tutaishi vipi. Kama watu wameitikia alichoposti jana, atachemsha chai yeye mwenyewe huku akiimba. Kama wamenyamaza, basi mayai yamezidi chumvi, watoto wana kelele, na Kitengela nzima ina vumbi kwa makosa yangu.

Yeye ni dalali wa viwanja. Anapeleka watu nyikani, anawaonyesha vigingi na kuwaapia kwamba lami iko njiani. Madalali Kitengela wamejaa kuliko viwanja vyenyewe, na wote wana picha ile ile mtandaoni: mtu amesimama kando ya gari lisilo lake, amenyoosha kidole kuelekea nyasi kavu. Kwa muda mrefu picha za mume wangu zilipigiwa laiki na mimi, dada yake wa Machakos, na mwanamume mmoja ambaye hadi leo hatumjui.

Halafu akapiga picha ng'ombe wa baba.

Tulikuwa tumeenda kuwasalimia wazazi wangu, ng'ambo ya Mashuru. Jioni ng'ombe wakarudi, jua likawaka ndani ya vumbi lao, naye akasimama karibu na mlango wa boma na simu yake. Chini ya picha aliandika, "Nyumbani. Mungu ni mwaminifu." Hakusema ni wake. Hakusema pia si wake. Tulipofika Isinya simu ilikuwa inatetemeka kwenye dashibodi bila kupumzika, na yeye anaendesha jicho moja barabarani, jicho lingine huko.

Wiki hiyo tukawa watu wengine. Kinyozi wake akaanza kumwita mheshimiwa. Kanisani, mhudumu aliyekuwa akitusukuma viti vya nyuma karibu na spika alitushika mkono hadi safu ya pili. Wateja wa viwanja walipiga simu wenyewe, maana mtu mwenye ng'ombe wengi namna ile atakuwaje tapeli? Nami, niseme ukweli, nilifurahia. Saluni niliketishwa kabla ya waliokuja mapema, nikaitwa Mama Ranchi, nikacheka nao. Nyumbani kwetu ni ghorofa ya tatu ya kupanga, na kitu pekee tunachofuga ni mende.

Raha hiyo haikuwa na utulivu ndani yake. Mume wangu alitaka kwenda Mashuru kila Jumamosi. Picha ya ng'ombe wakinywa maji, picha ya ndama, picha yake ameshika fimbo ya baba. Kila moja ilipata laiki chache kuliko iliyotangulia, na kila zikipungua yeye naye alipungua. Angeinuka katikati ya chakula akaenda dirishani, akarudi, akaniuliza kama mtandao kwangu uko sawa. Mimi mwenyewe nilianza kuchungulia ukurasa wake nikiwa kazini, uji ukiwa jikoni, hata kwenye choo cha kanisa. Nilikuwa na kiwewe cha mtu anayesubiri habari mbaya, na sikujua ni habari gani.

Ili anayesoma aelewe kilichofuata, lazima niseme jambo moja. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo. Baba husimama wakiingia, na akimkosa mmoja atajua ni yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, lakini idadi hataitaja. Ukimuuliza wako wangapi atakujibu kwamba maziwa yanatosha. Kutaja idadi ni kuita hasara. Hata sisi watoto mama hajawahi kututaja kwa idadi. Mimi nimesomea uhasibu, kutwa nzima nahesabu mabati na mifuko ya saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na idadi ya ng'ombe wa baba siiandiki hapa. Mume wangu ni Mkamba. Haya nilimweleza tukichumbiana, akacheka kwa adabu, akasema kwa Wakamba mbuzi huhesabiwa kila jioni na hawajawahi kufa kwa hilo.

Basi siku moja laiki zilipokuwa zimelala kabisa, akaitoa ile picha ya kwanza, akairudisha na maneno haya: "Kisia hawa ni wangapi. Atakayepata namtumia bando."

Nilikuwa dukani. Niliifungua nikiwa kwenye kaunta. Watu kwa mamia walikuwa wameikuza picha ya boma la baba yangu na kuanza kutaja. Jamaa mmoja wa Rongai alichora duara jekundu kwenye kila kichwa asikosee. Jioni mume wangu akamtangaza mshindi na idadi yenyewe, akaweka na vicheko. Haikuwahi kufanya vizuri posti yake yoyote kama ile.

Siku ya soko mama akanipigia.

"Papa yako ameulizwa kitu kwa soko."

"Ameulizwa nini, Yieyo?"

"Kijana mmoja wa kununua ng'ombe amemwambia, mzee, wewe uko na ng'ombe mingi hivi, na unakataa kuuza mbili tu? Akaitaja yote. Hapo mbele ya wazee wenzake."

"Na Papa akasema nini?"

"Alichukua fimbo akarudi nyumbani. Hata chai hajakunywa."

Nilikaa juu ya mifuko ya saruji nikiwa na aibu hadi masikioni. Kilichonitisha hakikuwa hasira ya baba, maana baba hana hasira ndefu. Niliogopa nyumba ile itaniona mimi ndiye niliyemwingiza mtu huyu na macho yake yote. Nilikuwa binti wao. Nilitaka kubaki binti wao.

Usiku huo tuligombana hadi jirani akaongeza sauti ya redio.

"Toa hiyo kitu," nikamwambia.

"Nitoe? Hiyo ndiyo imeshika kuliko zote. Watu wananijua sasa."

"Wanakujua na ng'ombe za babangu."

"Na mimi si mtu wa hiyo boma? Ama mimi ni nani huko?"

Hapo akanishika pabaya, kwa sababu sauti ilimkatika. Alilelewa nyumba za kupanga, baba yake hakuacha hata kuku. Nilimhurumia na nikamkasirikia kwa wakati mmoja, na hakuna mchanganyiko unaochosha kama huo. Asubuhi aliitoa. Lakini ilikuwa imeshatembea, makundi ya watu tusiowajua yalikuwa nayo.

Jumamosi tulikwenda Mashuru kuomba msamaha, na sukari, majani ya chai, na shuka mpya ya baba. Mume wangu alikuwa amejiandaa kwa maneno mazuri tangu Kajiado. Baba hakumpa nafasi. Alimpa mkono, akamwekea kiti kivulini, akamuuliza habari za barabara, za mvua, za watu wa Machakos. Aliipokea shuka akashukuru. Nilianza kupumua.

Kisha jioni ikafika, ng'ombe wakaingia. Waliingia mara moja wakaisha. Boma likabaki wazi, kinyesi kikavu sehemu kubwa, na mbwa amelala katikati palipokuwa pakikanyagwa. Mume wangu alinitazama. Baba alikuwa akiangalia mlima.

"Mzee, wengine wako wapi?" mume wangu akauliza taratibu.

"Iko kwa watu," baba akasema. "Nyasi ya hapa imekuwa kidogo."

Nyasi haikuwa kidogo. Mzee wa kwetu ana marafiki wa ng'ombe sehemu nyingi, tangu ujana wao wanawekeana mifugo, na akiona wake wanatazamwa sana huwatawanya, huku wachache, kule wachache, pasiwe na jicho linaloweza kuwaona wote pamoja. Wangeweza kuwa Oltepesi. Wangeweza kuwa Illasit. Miongoni mwao alikuwa wangu, yule baba alinipa siku nilipoolewa na nikamwacha hapo kwa kuwa ng'ombe hapandi ngazi.

Nilimfuata mama ndani.

"Yieyo, wangu amepelekwa wapi?"

"Kwa watu wa Papa yako."

"Watu gani? Wa upande gani?"

Mama alichochea moto. Kupitia mlangoni tulimwona mume wangu nje, ameinua simu juu akitafuta mtandao, akizunguka na kuzunguka. Mama akamwangalia, kisha akaangalia simu iliyokuwa mapajani mwangu, nami nikagundua nilikuwa nimeishika muda wote.

"Hiyo usiniulize, mtoto wangu," akasema, bila ukali wowote. "Mgeni akiuliza pia namwambia hivyo tu."

Tangu nizaliwe, katika nyumba ile nimenywea kikombe cha bati, kile ninachojichotea mwenyewe. Mama aliinuka, akapangusa kikombe cha udongo kwa leso, akakiweka juu ya kisahani chake, akanimiminia chai na kuniambia niketi.