Aliyekaa na Aliyesimama

Mhifadhi wa picha za kale katika jumba la kumbukumbu alibandikwa na wenzake jina la Bwana Mashine, naye akalipokea kwa mikono miwili. Tangu ofisi iletewe akili mnemba ya kutambua watu pichani, hakuwa na hadithi nyingine. "Mashine haina mjomba wala shangazi," aliwaambia wageni, tai imemkaba koo. "Haipendelei mtu."

Jamani, kwani mashine ilizaliwa inajua? Aliyeifundisha ni yeye. Picha zilikuwa lukuki, chai ilikuwa inapoa, na Bwana Mashine si mtu wa kujichosha. Akajitungia kanuni: aliyekaa kitini ni mkubwa, aliyesimama pembeni ni mtumishi. Akabonyeza, akabonyeza, mpaka mashine ikaiva. Bosi akasifia kasi. Wengi wa waliomo pichani walikwisha kufa, na maiti haleti malalamiko ofisini.

Kitu kimoja kilimnyima raha. Mama yake, mwalimu mkuu mstaafu, hakuwahi kumsifu. Mtu mzima na mvi zake, bado alikuwa na kiu ya kusikia "Vizuri, mwanangu" japo mara moja. Basi siku ya kufungua maonyesho akamleta, akamshika mkono hadi ukutani.

Picha za ukutani zilichaguliwa na kuandikiwa maelezo na mashine. Yeye hata hakuzitupia jicho. Mama akasimama mbele ya moja. Mwanamume kajibwaga kitini, mwanamke kijana kasimama kando, gauni limenyooka. Chini yake pameandikwa: Mkuu wa shule na mtumishi wake.

Mama akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Huyu aliyekaa alikuwa karani wangu," alisema. "Mguu ulikuwa unamuuma, nikampa kiti changu. Mimi sikuwa nakaa kwenye picha, gauni lingekunjamana. Kwa hiyo mtumishi ndiye mimi?"

Bwana Mashine akailegeza tai. "Ni kosa dogo tu la mashine, mama."

"Nani aliifundisha?"

Mama aliumia, wala hakuficha. "Nimesimama mbele ya ubao ujana wangu wote ili wewe usome. Leo unaniandika mtumishi kwa kule kusimama."

Wageni walishaanza kusogea. Mama akaomba kiti, akakaa, akalinyoosha gauni magotini. "Haya, njoo usimame hapa kando yangu. Tupigeni picha, muipe hiyo mashine."

Katibu wa ofisi akapiga, akaiingiza. Maneno yakatokea kwenye skrini kubwa, mbele ya kadamnasi: Bibi mkubwa na mtumishi wake.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio.

"Vizuri, mwanangu," alisema, macho yake kwenye skrini. "Hapo umepatia."