Modesta Aliporudi kutoka Maskati

Modesta alifanya kazi za ndani Maskati miaka miwili. Aliporudi Misungwi, mumewe Ngosha alimpokea kwa swali.

“Ndege ya Maskati hadi Dar ni saa tano tu. Wewe uliondoka juzi. Ulilala kwa nani?”

“Nililala uwanjani Dar, nikisubiri ndege ya Mwanza.”

Ngosha alimpiga ngumi ya mdomo, jino likang'oka. Akamburuta kwa nywele hadi uani, akainua jembe. Mama yake Ngosha, aliyekuwa akitwanga pale, alimpiga mwanawe kwa mchi, mkono ukavunjika.

“Mama, unaniumiza kwa ajili ya malaya?”

“Marehemu baba yako alinipiga hivihivi, watu wakatazama tu,” alisema mama. Akamfunga Modesta kanga, wakaenda polisi pamoja.