Mtihani wa Bibi Jikoni

Siku ile kwenye kikao cha wazazi heri ningebaki na mkono wangu mfukoni. Mkuu wa shule alituambia watoto wetu wanaangushwa na Kiingereza, kisha akaomba wazazi waliosoma sekondari wazuie Kishambaa na Kiswahili majumbani mwao mpaka mtihani wa kidato cha pili upite. Shuleni tayari kulikuwa na kibao ambacho mwanafunzi aliyeteleza akasema lugha nyingine alivalishwa shingoni. Mkuu akanitafuta kwa macho kule nyuma.

"Mzee wetu, wewe umesoma enzi ambazo shule ilikuwa shule. Utatuangusha?"

Watu wakageuka. Nilikuwa karani wa mbao msituni Shume kwa miaka mingi, na Kiingereza changu kilikuwa cha kupimia magogo, lakini mbele ya majirani zangu kilionekana kirefu. Nikanyoosha mkono. Nikasema kwangu sheria itaanza jioni ileile.

Lazima nieleze jioni zetu zilivyokuwa kabla ya hapo.

Mjukuu wangu wa kike tulimlea mimi na mke wangu tangu mama yake alipopata kazi Tanga. Alikuwa akirudi kutoka shule, kule juu ya kilima, sweta likiwa limelowa ukungu. Anavua viatu mlangoni, anatuamkia shikamoo mmoja mmoja, anavuta kigoda karibu na moto. Kabla hajapewa hata kiazi, bibi yake anamuuliza, "Haya, leo wamekudanganya nini?"

Hapo ndipo somo lilipoanza. Alimfundisha bibi yake kila alichofundishwa mchana, kwa Kishambaa, kwa kuwa bibi aliishia darasa la nne na Kiswahili chenyewe alikiweka kwa ajili ya sokoni na zahanati. Mimi nilikaa pembeni nikijifanya nasikiliza redio. Nayaandika hapa kwa Kiswahili, ila hayakusemwa hivyo.

Nakumbuka jioni ya viazi. Alikata vipande viwili, kimoja akakitia kwenye bakuli la maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi nyingi.

"Maji yanahama, bibi. Yanatoka ndani ya kiazi kwenda kwenye chumvi."

"Nani kayaita?"

"Hayaitwi. Yanaenda kule ambako maji ni machache."

"Basi mimi nami ni maji. Kila siku naenda kisimani ambako maji ni machache."

"Bibi, sikiliza kwanza."

"Nasikiliza. Na hicho ulichokitia chumvi nani atakila? Babu yako?"

Walicheka, kisha bibi akashika kipande kimoja na kingine, akavibonyeza. Cha chumvi kilikuwa kimelegea. Akasema ndiyo maana kabichi mbichi ukiinyunyizia chumvi inatoa machozi. Mtoto akapiga makofi, akidhani amemaliza kazi. Lakini bibi hakuwa amemaliza.

"Na hiki cha maji matupu, kama kinakunywa tu, mbona hakipasuki?"

Mjukuu akakichukua kipande kile, akakigeuzageuza. "Hapo sijui," akasema.

Kesho yake alimfuata mwalimu wa baiolojia, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kazi. Jioni tulimsikia akiita tangu kwenye mfereji wa juu ya shamba.

"Bibi, kina ukuta!"

"Nani ana ukuta?"

"Kiazi!"

Alama zake wakati huo zilikuwa za kati. Siku moja alirudi na karatasi ya jaribio niliyoiona mbaya, nikamuuliza kama haoni aibu. Hakukasirika. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia, "Babu, mtihani wa mwalimu unapima kama nimekumbuka. Wa bibi unapima kama nimeelewa. Nikimweleza bibi mpaka akose swali, sihitaji mtu kuniambia kama najua."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mtoto anayetafuta pa kujificha. Sasa naona kwamba alikuwa amenieleza kwa maneno machache jinsi anavyojifunza, jambo ambalo mimi katika miaka yangu yote ya shule sikuwahi kujiuliza. Sisi tulikariri, tukapewa namba, tukaenda zetu.

Basi, kibao. Nilikichonga mwenyewe kwa kipande cha saipresi, nikakipiga msasa, nikakitoboa na kukitia kamba. Nilikuwa na mkono mzuri kwa mbao na nilikifurahia. Nikakitundika juu ya mlango wa jikoni na kutangaza: tangu sare ivuliwe mpaka kulala, Kiingereza tu. Atakayeteleza atakivaa mpaka mwingine ateleze.

"Na mimi?" mke wangu akauliza.

"Wewe hayakuhusu. Usimsemeshe tu mtoto wakati wa masomo."

Akanyanyuka, akakitungua kibao, akajivika. "Mimi niachieni hiki. Nimezaliwa na kosa hili."

Alisonga ugali akiwa nacho shingoni, kikigonga sufuria. Jirani akaja kuomba moto, akamuuliza ni dawa ya nini. "Dawa ya kumsahau mjukuu," akamjibu. Tulicheka wote, hata mimi, na sikusikia alichosema.

Siku za mwanzo mjukuu alijaribu. Alisimama mbele ya moto akamweleza bibi kwa Kiingereza habari za mzunguko wa damu, akionyesha kwa vidole, na bibi akawa anaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama anavyoitikia watu wa serikali. Hakuuliza swali. Angeuliza vipi? Mtoto akasita katikati. Neno la Kishambaa likamtoka, nikakohoa, akajivika kibao mwenyewe. Safari hii bibi hakucheka. Aliinama akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Baada ya wiki chache, mjukuu alianza kusomea chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Tulimsikia akikariri kwa sauti. Mimi nilisema kimoyomoyo, sasa anasoma.

Katika msimu wa kuvuna viazi alikuja rafiki yake wa darasani kutusaidia. Walikuwa tuta la chini, nami nilikuwa nafunga magunia nyuma ya mahindi. Wasichana walipodhani wako peke yao walirudi kwenye Kishambaa.

"Yule wa fizikia anafundisha ubao," rafiki akasema. "Sisi tuko nyuma yake kama mizigo."

"Afadhali yeye. Wa historia anasoma kitabu mpaka yeye mwenyewe anasinzia."

"Lakini wewe unapata alama nzuri siku hizi, dada. Umefanyaje?"

"Nakariri."

"Unaelewa?"

Mjukuu wangu akang'oa shina zima, akakung'uta udongo. "Sijui. Zamani nilikuwa najua kama nimeelewa. Siku hizi nasubiri matokeo yaniambie."

Niliyasikia maneno hayo vizuri kabisa. Ningeweza kwenda nyumbani jioni ile nikakitupa kibao motoni. Lakini mtihani ulikuwa karibu, na mkuu wa shule alikuwa akinisifu kila tulipokutana, na nilipenda kusifiwa. Nikaendelea kufunga magunia.

Alifaulu. Jina lake lilikuwa juu kabisa ya darasa. Nilikitungua kibao siku hiyohiyo na kusema sasa sheria imekwisha, rudini jikoni mzungumze. Nilisema hivyo kama mtu anayefungua lango akidhani ng'ombe wamesimama palepale nyuma yake.

Bibi alijaribu. Siku moja, mjukuu alipokuwa akipita na vitabu vyake, akamuuliza, "Leo hawajakudanganya kitu?"

"Kazi ni nyingi, bibi," akamjibu kwa adabu, akaingia chumbani. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amepoteza mazoea tu, na pengine hakujiamini tena mbele ya maswali yale.

Masika yaliyofuata mke wangu aliugua kifua na hakuamka tena. Katika ugonjwa wake mjukuu alimpikia uji, akamfulia, akamshika mkono. Mambo yote ya mtoto mwema aliyafanya. Ila somo hakumpa hata moja, na bibi hakuomba.

Mjukuu sasa yuko chuo cha ualimu. Hunipigia simu Jumapili, ananiamkia, ananiuliza afya yangu na shamba, namuuliza masomo. "Yanaendelea vizuri, babu," anasema, na yanaishia hapo. Mwezi uliopita nilijikaza nikamwomba anieleze kitu kimoja tu alichosoma wiki hiyo, kwa Kishambaa. Akacheka kwa upole. "Kwa Kishambaa sijui hata pa kuanzia, babu."

Basi uamuzi ule ulinigharimu haya: mke wangu alikaa mwaka wake wa mwisho jikoni bila mtu wa kuulizwa maswali yake, na mjukuu wangu, aliyekuwa akijua mwenyewe anachokijua, hanielezi tena kitu.