Bi Arlys na Vitanda Ishirini na Sita

Pale Ketter Falls ukiuliza habari za timu ya Korongo, watu watakuelekeza kwa Bi Arlys Nordgaard. Yeye mwenyewe hajawahi kushika gongo la besiboli hata siku moja. Kazi yake ni vitanda.

Timu ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha mahindi ya makopo, mwaka walioachiwa kiwanja kilichokuwa cha kumwagia maganda. Mwanzo walicheza wenyewe kwa wenyewe baada ya zamu. Kisha ikaja ligi ya vijana wa vyuo vikuu. Vyuo vikifungwa, vijana wanakuja kutoka majimbo ya mbali, wanacheza miezi miwili bila malipo, tena kwa magongo ya mbao. Chuoni wamezoea ya chuma, na anayetaka kuwa mchezaji wa kulipwa lazima ayazoee ya mbao. Sasa watu hao wote walale wapi? Wanalala kwa watu, majumbani.

Bi Arlys alianza akiwa na miaka ishirini na minne. Alikwenda uwanjani kufua taulo, akamkuta mchezaji kutoka Georgia amelala kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Akampeleka nyumbani. Mumewe, Roald, alimtazama yule kijana juu mpaka chini.

"Huyu anakula?"

"Anakula."

"Basi akae."

Tangu hapo ilipita miaka thelathini na moja, Roald akafariki, na Bi Arlys bado alikuwa akigawa vijana majumbani. Haandiki popote. Anajua nani anakoroma, nani anaogopa paka, nani hawezi kula bila kusali kwanza. Jitu moja kutoka Texas alilipeleka kwa mjane aliyekuwa anaogopa kukaa peke yake, na yule mjane akaanza kulala usingizi. Wachezaji wawili wa Korongo walifika ligi kuu, na watu wa mji hupenda kuwataja hao. Bi Arlys humtaja yule aliyevunja magongo tisa kwa wiki mbili, akaachana na besiboli, leo anatibu ng'ombe.

Mwaka huo wa thelathini na moja timu ilipata meneja mpya, Dario Quesada, mtu wa California, mchapakazi kweli. Akaona haifai mama wa umri ule azunguke kuombea watu malazi. Akakaa na simu, akafanya mwenyewe. Na ligi ina sheria yake: Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano, kabla ya saa sita mchana, kila timu ipeleke orodha ya vitanda ishirini na sita. Isipopeleka, haichezi mwaka huo. Kulikuwa na mji mwingine huko kusini, wenye uwanja mpya, unaisubiri nafasi hiyo kwa hamu.

Alhamisi Dario akaja jikoni kwa Bi Arlys na karatasi yake, uso umemshuka.

"Bi Arlys, tumekwisha. Nimepiga simu nyumba arobaini. Waliokubali ni kumi na mmoja."

"Orville Lund alisemaje?"

"Alikataa."

"Ulimuuliza mara ngapi?"

"Mara moja. Si amekataa?"

Bi Arlys akaweka kikombe chini. "Mwanangu, ulipoingia hapa nilikukaribisha kahawa. Ulijibuje?"

"Nilisema ndiyo, asante."

"Nami nikajua huyu hajala tangu jana."

Dario akakitazama kikombe chake, hajui acheke au aombe radhi.

"Hapa mtu hakubali mara ya kwanza," Bi Arlys akamwambia. "Ataonekana mlafi. Ya pili anakataa ili akuone kama una nia. Watu wako hawajakukataa. Wamekusikia tu, wanangoja urudi."

"Sasa nitajuaje aliyekataa kweli?"

"Atakataa mara ya tatu. Halafu utazungumza naye habari za mvua, uondoke."

Wakaingia kwenye gari la Dario wakaenda. Walimkuta Orville Lund zizini, mikono mfukoni.

"Tulikuwa tunapita tu," Bi Arlys akasema. "Nasikia mwaka huu huna nafasi."

"Sina. Chumba cha binti yangu Karen kimejaa vitu."

Wakazungumza kuhusu trekta. Wakazungumza sana kuhusu trekta. Dario akatazama saa.

"Chumba cha Karen ndicho kile cha kuangalia ziwa," Bi Arlys akasema.

"Ndicho. Lakini kitanda kifupi. Na hawa vijana siku hizi wanarefuka kama mnara wa nafaka."

Dario akafungua kinywa. Bi Arlys akamkanyaga kiatu. Wakaenda kumwona ndama mpya, wakamsifu, wakarudi garini. Bi Arlys akashika mlango, hajaingia.

"Kuna mdaka mpira mmoja kutoka Ohio," akasema. "Mfupi."

"Mfupi kiasi gani?"

"Atatosha."

Orville akajikuna shingo. "Ah. Haitakuwa shida sana."

Walipofika barabarani Dario akauliza, "Kwa hiyo amekubali?"

"Amefurahi mno. Hukuona alivyofanya?"

"Hakufanya kitu."

"Alitoa mkono mfukoni."

Ijumaa walizunguka, Jumamosi walizunguka, Jumapili wakawakamata watu wakitoka kanisani. Bi Arlys alikunywa kahawa kila nyumba. Jumatatu asubuhi walikuwa na vitanda ishirini na tano.

Kilichobaki alikuwa amekiwekea tumaini kwa Gustav Ek, fundi seremala, ambaye hajakosa kulaza mchezaji kwa miaka ishirini. Gustav akakataa mara ya kwanza. Akakataa ya pili. Mara ya tatu akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake, akasema kwa sauti ndogo, "Arlys, hapana. Mke wangu siku hizi hataki mtu amwone alivyo."

Bi Arlys akamshika mkono. "Naona mvua itanyesha," akasema.

"Naona hivyo," Gustav akajibu.

Ilikuwa saa tano kasorobo. Wakarudi garini. Kwa Bi Arlys tayari walikuwa wamepangwa wawili, wa tatu angelala kwenye ngazi. Alihesabu nyumba zote za mji kichwani, mtaa kwa mtaa, akafika mwisho. Miaka thelathini na moja, halafu timu ife kwa kitanda kimoja.

"Kwangu kuna kitanda," Dario akasema.

"Na wewe?"

"Nitalala uwanjani, kile chumba cha taulo."

"Hapana, bwana, hatuwezi kukusumbua."

Dario akaendesha kidogo. "Hamnisumbui. Chukueni."

"Utaumia mgongo. Hapana."

Alisema bila kufikiri, ndivyo alivyolelewa. Dario akasimamisha gari katikati ya barabara. Nyuma yao lori la maziwa likapiga honi.

"Bi Arlys, ligi inafunga saa sita. Nakuomba ya tatu hapa hapa, na siwashi gari mpaka unijibu."

Bi Arlys akageuka akatazama lile lori, akamtazama Dario. Akachukua ile karatasi ya orodha aliyokuwa ameipakata, akaandika jina la Quesada kwenye mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake wa polepole.

"Washa gari basi," akasema. "Unamzuia mtu wa maziwa."

Orodha ilifika saa sita kasoro dakika nane. Mwezi wa sita mrusha mpira kutoka Alabama akalala kwenye kitanda cha meneja, na meneja akalala kati ya makabati ya taulo mpaka mwezi wa nane. Korongo walishinda michezo kumi na tisa, wakapoteza ishirini na mitatu. Iliyochezwa nyumbani, Bi Arlys hakukosa hata mmoja.