Robo Tola ya Zuhura

Naikumbuka vizuri siku niliyoingia kwa sonara mmoja wa Lindi mjini nikaulizia bangili ya tola nzima. Tola, mwanangu, ndiyo uzito tuliopimia dhahabu kabla hatujazoea gramu. Kidogo kilichozidi au kupungua, sonara alikipima kwa tipitipi, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi. Akanitazama viatu, kisha uso, akasema taratibu, "Tola nzima si mchezo, kijana."

Nilikuwa nimeposa Kilwa Masoko. Binti aliitwa Zuhura, yatima aliyelelewa na bibi yake, Bi Somoe. Wazee wangu waliporudi na jibu, lilinichoma: mahari ni pete ya robo tola, basi. Mimi mtoto wa wakulima wa Mtama nikajiona nimedharauliwa. Nikasema moyoni, hawa watu wa pwani wameniona sina kitu. Ujana una masikio, lakini husikia unachotaka.

Basi nikapatana na jirani anunue mikorosho niliyorithi kwa marehemu baba. Kabla hajanilipa nikapanda basi, nikashuka Nangurukuru, nikaingia Masoko kumpa Bi Somoe habari njema. Nilimkuta kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu," akanitania, kama bibi zetu wanavyowatania waume wa wajukuu zao.

Nikamwambia nitaleta tola nzima. Hakuinua macho.

"Inatoka wapi?"

"Nauza mikorosho yangu."

Hapo aliacha kukuna.

"Mimi nilitajiwa tola nne," akasema. "Wazee wangu walitaka nisifiwe. Babu yake Zuhura akaenda kukata mkonge ili azipate. Alipozipata, mgongo wake ulikuwa umekwisha. Nikavaa dhahabu huku namuuguza mume. Robo tola tumeitaja mimi na Zuhura mwenyewe, mpate kuanza mkiwa wepesi."

"Lakini bibi, mkono mtupu haulambwi."

"Wako si mtupu, una shamba. Mtu hujikuna ajipatapo. Rudi ukamwambie jirani yako kuwa umeghairi."

Nilirudi Mtama nimeinamisha kichwa, ingawa kifua kilikuwa chepesi kuliko nilipokuja. Jirani alininunia kidogo, kisha akacheka, na kwenye harusi alikula pilau kuwashinda wote.

Pete ile Zuhura anayo kidoleni hadi leo. Tuliipeleka kwa sonara kuipanua, maana mama watoto amenenepa, alhamdulillahi. Na mikorosho imesomesha watoto wetu. Msimu ukifika tunaokota korosho pamoja, yeye mbele mimi nyuma, akinisema kwamba naacha nyingi chini ya majani.

Nawaona sasa mkipiga picha dhahabu ya harusi na kuulizana ni gramu ngapi. Sikukatazi kupendeza, mwanangu. Ila ukitajiwa kidogo, usikione ni tusi. Huenda aliyekitaja amekuhurumia, naye anajua njia unayoiendea. Usiuze kinacholisha nyumba ili ununue kinachoipamba. Nawe binti, ukiulizwa mahari, taja kitu ambacho mwenzako atakileta akiwa bado na nguvu za kuishi nawe.

Mungu akujaalie mwenza mwenye huruma, akupe riziki ya halali isiyokuvunja mgongo, na nyumba yenu isikose kicheko. Amina.