Hewa ya Juu kwenye Mtungi wa Maziwa

Mama yangu anafuga ng'ombe wa gredi huko Kitengela, na kwa miaka yote niliyosomea uhandisi wa umeme hajawahi kunielewa vizuri nikimweleza kazi yangu. Simlaumu. Mwambie mtu aliyekulia kwenye manyatta ya Wamaasai huko Kajiado kwamba binti yake anaunda inveta ya ndege isiyotumia mafuta, na kwamba ndege yenyewe bado haipo. Atakuuliza kama umekula.

Inveta si kitu kigeni. Kila mwenye sola nyumbani anaijua. Inachukua umeme wa betri na kuugeuza uweze kuzungusha mota. Shida iko kule juu. Hewa ikiwa nyepesi, umeme huruka ovyo kutoka shaba moja hadi nyingine, na cheche moja inatosha kuunguza kila kitu. Kompyuta ilikuwa imeniapia kwamba yangu haitatoa cheche. Msimamizi wangu chuoni, mzee mpole wa maneno machache, hakutaka viapo vya kompyuta. Alitaka inveta ikae saa nzima kwenye hewa nyepesi ikifanya kazi kwa nguvu zake zote. La sivyo kamati ingenihamishia kwenye utafiti wa taa za barabarani. Taa za barabarani! Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo niliondoka bila kumuaga mtu.

Chuo hakikuwa na chumba cha kupunguzia hewa. Wenzangu wakapendekeza twende Kona Baridi, maana kuko juu. Tukaenda. Tulipata baridi na mahindi ya kuchoma, na inveta ikafanya kazi kana kwamba iko sebuleni. Ndege haziruki chini hivyo.

Wazo lilinijia nikiwa nimechuchumaa kando ya ng'ombe. Nilikuwa nimekuja nyumbani kununa, na kwa kuwa mama hapendi mtu anune bure, alinipa kazi ya kukamua. Mashine yake hunyonya hewa kutoka kwenye mtungi wa chuma, na maziwa hufuata. Nikaitazama geji ya pampu. Nikapiga hesabu kichwani, nikarudia kwa simu. Hewa iliyobaki ndani ya mtungi ule ilikuwa nyepesi kuliko ya kileleni mwa Kilimanjaro. Nikapiga kelele, ng'ombe akapiga teke, na mama akanigombeza kwa Kimaa mpaka akachoka.

Alinikubalia kwa sharti moja. "Nikimaliza kukamua asubuhi, chukua. Lakini ikifika jioni hiyo mashine iko na wenyewe. Ng'ombe hawajui mambo ya yunivasiti."

Kulikuwa na mtungi wa akiba. Niliutengenezea kifuniko kinene cha plastiki kinachoonyesha ndani, nikapitisha nyaya, nikaziba kwa mpira, nikauunganisha na pampu ya mama. Siku ya kwanza cheche ya buluu ilimulika hata kabla sijakaa vizuri. Kompyuta ilikuwa imenidanganya. Sikulia. Nilifurahi kweli, kwa sababu sasa nilikuwa nimeuona ugonjwa kwa macho yangu. Nikarudi maabara, nikazitenganisha shaba zikae mbali zaidi, nikapaka kila kona vanishi ya kuzuia cheche, kisha nikarejea Kitengela na inveta mpya na wasiwasi mpya. Kamati ilikuwa ikutane kesho yake.

Siku hiyo stima ikapotea tangu asubuhi. Nilikaa kwenye mlango wa zizi nikiitukana transfoma hadi jirani akafunga dirisha. Iliporudi, jua lilikuwa limeshainama upande wa Ngong na ng'ombe wameanza kulia. Nikawasha hivyo hivyo, nikijua nitafukuzwa.

Mama alikuja. Akautazama mtungi, akawatazama ng'ombe, kisha akanitazama mimi.

"Imebaki muda gani?"

"Karibu saa nzima, Yeyo," nikajibu, nikimwita mama kwa Kimaa. "Nikizima, naanza upya."

"Na kesho?"

"Kesho ndiyo kamati."

Alichukua ndoo, akanawa mikono kwa maji moto, akaketi kwenye stuli kando ya ng'ombe wa kwanza, akaanza kukamua kwa mkono. Mashine ile aliinunua baada ya vidole vyake kuanza kufa ganzi, na daktari alikuwa amemkataza kabisa kukamua. Nikainuka kumzuia.

"Kaa hapo," akasema bila kugeuka. "Angalia hiyo kitu yako."

Nikakaa. Macho yalikuwa kwenye mtungi lakini masikio yalikuwa zizini. Maziwa yalipiga ndoo kwa kasi, kisha polepole, kisha yakanyamaza, na nikajua anakung'uta mikono. Yakaanza tena. Niliona haya, na nilimpenda mama yangu mpaka kifua kikauma. Joto la inveta lilipanda, likasimama. Ndani ya mtungi hakuna kilichomulika. Sijawahi kukiombea chuma dua, lakini siku hiyo niliomba.

Saa ilipotimia niliruka juu. "Yeyo, imeshika! Imeshika saa nzima!"

Alikuwa ameegemea nguzo, mikono ameifumbata kwapani. "Haya, leta mashine," akasema. "Bado wawili, na hii mikono imekataa."

Nikafungua mpira, hewa ikarudi mtungini kwa mluzi, nami nikaikimbiza pampu kwa wale wawili. Nilitaka kumwambia asante, lakini nikaosha viwele nikiwa nimeinamisha kichwa. Mama alitumbukiza vidole vyake kwenye maji moto yaliyobaki.

"Na hiyo ndege," akauliza, "itapita hapa kwetu?"

"Sijui, Yeyo. Labda siku moja."

"Ikipita, uniite nitoke nje."