Kidole Kimoja, Uzi Mmoja

Usiku ule nililala nimenuna. Jioni, kwenye mazoezi yetu sisi wanne katika ukumbi wa kanisa, tulikuwa tumebishana juu ya agizo moja ambalo mtunzi wa karne ya kumi na nane aliliandika kwenye sehemu yangu ya fidla, katikati ya kipande cha dansi: kidole kimoja, uzi mmoja, bila kunyanyua. Ukimtii, sauti inateleza toka nota hadi nota kama mlevi anayepanda ngazi. Rehema, mpiga selo wetu, ile fidla kubwa ya sauti nzito, alikata shauri.

"Kaka, Jumamosi askofu atakuwepo. Piga safi."

Nami, msomi niliyeandika insha ndefu juu ya kuheshimu maandiko ya kale, nikasema sawa.

Ndipo usingizini nikamwona Mwalimu Zefania, aliyenifundisha fidla na tuliyemzika mwaka juzi. Amekaa kiti cha mbele ukumbini, na suti ileile tuliyomzika nayo, anakoroga chai.

"Piga," anasema.

Napiga safi. Anakunja uso kana kwamba chai haina sukari.

"Watu watacheka, Mwalimu."

"Na aliyeandika, unadhani alikuwa analia?"

Ukumbi sasa ni arusi ya dada yangu. Mjomba wetu anacheza na kiti, amekikumbatia kama mke, anayumba, haanguki. Mama mkwe wa dada, aliyekuja na uso wa kesi, anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge. Mwalimu ananishika kidole cha shahada. Mkono wake ni baridi. Anakibana juu ya uzi na tunateleza pamoja, juu, chini, mjomba akiyumba nasi. Kidole kinauma. Nataka kukinyanyua.

"Kisitoke," anasema. "Ukikinyanyua, ataanguka."

Niliamka alfajiri, kidole kimebana ukingo wa kitanda, kimekufa ganzi. Nikampigia Rehema.

"Kaka, nani amefariki?"

"Mwalimu Zefania."

"Si tulishamzika?"

"Ndiyo. Anasema Jumamosi niteleze."

"Na askofu?"

"Atacheka na wenzake."

"Haya. Lakini ukiteleza, teleza kweli. Usinitelezee nusu."

Nikaitoa fidla sandukuni kabla hata ya kunawa uso. Nikaweka kidole juu ya uzi, palepale alipokibana. Kikauma vilevile. Sikukinyanyua.